Ukurasa wa Jirani wa Kuume

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Likasi, na nina kijicho. Nalisema mapema ili asomaye asipoteze muda kunitafutia udhuru. Kijicho changu hakikuwa cha watu wote. Kilikuwa cha mtu mmoja, mwanamke aliyekaa upande wangu wa kushoto, ng'ambo ya ukuta wa matofali uliokuwa ukinifika kifuani.

Nimemzidi miaka saba. Wazee wake walitoka Maniema zamani, baba yake aliuza vitenge na sukari sokoni, na mume wake ni dereva wa malori. Ukitazama vizuri, hakuwa na kitu cha kumfanya mtu akose usingizi. Lakini kijicho hakitazami vizuri. Mimi niliona kwamba hakuwa na haraka kamwe. Maji yakija saa moja tu kwa siku, sisi wote tulikimbia na ndoo tukirushiana matope, na yeye alitoka wa mwisho, kitambaa kimekaa sawa kichwani, na bado mapipa yake yalijaa. Mume wangu anafanya kazi Kambove na hurudi siku ya posho, yaani Jumamosi, na akishavua viatu swali lake la kwanza lilikuwa jirani amepika nini, maana harufu ya pilau ilivuka ukuta bila kuniomba ruhusa. Nikimwambia kuna ugali na samaki wa Kapolowe, alisema muzuri, lakini alisema akiwa ametazama ukutani.

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kuuza sokoni, jirani yangu alinyoosha mkono juu ya ukuta ule.

"Mama mwalimu, shika fungulo."

Nilichukua ufunguo wa nyumba yake na kuutundika kwenye msumari kando ya mlango wangu, chini ya kalenda ya parokia. Watoto wake wakirudi mapema walijua pa kuuliza. Nilinung'unika kila mara. Nilimwambia mume wangu kwamba sikuajiriwa na mtu kuwa mlinzi. Nilinung'unika miaka kumi, na sikuukataa hata siku moja.

Sasa nieleze habari ya dosie, yaani fungu la karatasi za kuombea kazi, kwa sababu ndiyo iliyonivua nguo.

Zamani, mtu aliyetaka kazi ya serikali alitakiwa kuthibitisha kwamba ni mtu mwema. Wema wenyewe ulikuwa na karatasi nyingi. Ilianza kwa shefu wa avenyu, mzee anayesimamia barabara yetu, halafu mkuu wa mtaa, halafu komini, yaani ofisi ya tarafa, halafu meya, halafu kule parke, ofisi ya waendesha mashtaka, kuchukua karatasi inayosema kwamba hujawahi kuhukumiwa, halafu daktari akupime. Kila ofisi ilitaka kuona karatasi ya ofisi iliyotangulia. Na karatasi zilikuwa na umri: baada ya miezi mitatu zilikufa. Mimi nilipoomba ualimu, nilianza mvua za kwanza zikinyesha. Daktari aliponipigia muhuri, karatasi ya shefu ilikuwa imeshakufa, nikarudi mwanzo. Jozi moja ya viatu iliishia njiani kati ya komini na parke. Nilimaliza kiangazi, vumbi la Likasi likiwa limenipaka hadi nyusi, nikiwa na fardi nene ya rangi ya kijani, jalada la kutia karatasi zote, ambayo ninayo mpaka leo. Wengine hutundika ukutani picha ya harusi. Mimi, kama fardi ingetundikika, ningeitundika.

Ile hatua ya kwanza, ya shefu wa avenyu, ndiyo iliyokuwa na utamu wake. Shefu wetu ni mstaafu wa kiwanda, mzee mwenye kofia ya sufu hata wakati wa joto, na daftari lenye jalada jeusi na kalamu iliyofungwa kwa uzi. Sheria yake ilikuwa moja. Yeye mwenyewe hakuandika anachokijua juu ya mtu. Aliandika wanachosema majirani wawili, wa kuume na wa kushoto, kila mwombaji ukurasa wake. Alisema ukuta una pande mbili na mtu anajulikana na wale wanaomsikia akigombana ndani. Bila maneno ya wote wawili hakutia sahihi, hata uwe mtoto wa dada yake.

Mwaka jana, jirani yangu yule aliniita ukutani asubuhi. Ufunguo ulikuwa mkononi lakini hakunipa mara moja. Alikuwa amesoma masomo ya jioni miaka mitatu, mimi nikisema moyoni kwamba atachoka. Hakuchoka. Aliniambia kwamba hospitali ya serikali imemchagua kukaa mapokezi, kuandikisha wagonjwa. Kilichobaki ni dosie ifike Ijumaa kabla ya saa tisa, angalau na karatasi ya shefu na ya komini; nyingine zingefuata baadaye. Ikichelewa, nafasi inakwenda kwa anayefuata kwenye orodha.

"Shefu atapita kwako, mama mwalimu," alisema. "Weye ndjo jirani yangu wa kuume."

"Mungu asifiwe," nilisema, na roho ikaniuma hadi mgongoni.

Siwezi kusema nini hasa kiliniuma. Nafasi ile si yangu, sikuiomba, na mshahara wangu hautapungua yeye akipata wake. Lakini kuwa mtu wa serikali, mwenye dosie, kilikuwa kitu changu. Barabara nzima ilijua pilau yake, na vitenge vyake, na kicheko chake ambacho hata binti yangu alianza kukiiga. Mimi nilikuwa na fardi ya kijani. Na sasa alitaka na fardi pia.

Jumanne jioni shefu alibisha. Nilikuwa na rundo la madaftari ya wanafunzi mezani.

"Mama mwalimu, nakuya juu ya jirani," alisema. "Maneno mbili tatu, niandike."

"Papa shefu, niko nasahihisha. Ona hii kazi yote. Urudie kesho."

Hakuwa mtu wa kusukuma. Alitazama madaftari, akatikisa kofia, akaenda. Jumatano nilimkuta langoni nikirudi shuleni. Nilimwambia sina nafasi, nakimbilia kikao cha wazazi. Kikao kilikuwapo kweli, ila kilikuwa kesho yake. Alhamisi nilimwona kwa mbali akishuka barabara na daftari kwapani, nikajitia hamnazo, nikaingia ndani na kufunga mlango. Alibisha mara tatu. Nilisimama katikati ya chumba changu mwenyewe kama mwizi, nikimsikiliza akikohoa. Nyanya zilikuwa zinaungua jikoni na sikuthubutu kwenda kuziipua, sufuria isije ikalia.

Nilikuwa na maelezo yangu. Nilijiambia kwamba simsemi vibaya, na kweli sikumsema vibaya. Nilitaka tu aonje. Asubiri kidogo, karatasi yake ya kwanza ichelewe siku mbili, ajue kwamba mambo mengine hayaji na kitambaa kimekaa sawa kichwani. Lakini mimi hufundisha kalenda darasa la pili. Nilijua Ijumaa ni siku gani.

Alhamisi ile ile, jua likikaribia kuzama, alikuja ukutani. Hakuwa na hasira.

"Mama mwalimu, shefu anasema hamuyakutana bado."

"Kazi ni mingi, mama. Unaona mwenyewe."

"Hakuna mambo. Kesho asubui, mbele ya kwenda ku masomo?"

"Kesho asubui," nilisema.

Ijumaa niliondoka nyumbani kabla ya jogoo wa tatu. Nilifika shuleni mlinzi akiwa bado anafungua lango, nikakaa darasani peke yangu nikichonga penseli ambazo hazikuhitaji kuchongwa. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka kumi ufunguo wake kukuta ukuta mtupu.

Nilifundisha hesabu vibaya siku hiyo. Saa sita darasa likatoka, na miguu yangu, badala ya kunipeleka nyumbani, ilinipeleka komini. Nadhani nilitaka kuona kama amesimama kwenye foleni, na kama amesimama, uso wake ukoje. Hilo ndilo nililofuata, bora niseme.

Foleni haikuwapo. Mlangoni palibandikwa tangazo jipya, gundi yake bado mbichi. Nilisoma mara mbili kwa sababu ya mazoea yangu ya kutafuta makosa. Lilisema kwamba kuanzia wiki hiyo, anayeomba karatasi za mwenendo anajaza fomu moja kwenye dirisha moja. Ofisi zitaulizana zenyewe. Komini itauliza parke, parke itajibu komini, mwombaji atakaa kwenye benchi. Karatasi itadumu mwaka mzima. Na chini kabisa, kana kwamba ni jambo dogo: ushuhuda wa majirani hautakiwi tena.

Karani wa dirishani alikuwa anakula karanga. Nilimuuliza kama kuna mama fulani wa avenyu yetu aliyepita. Alisema alipita asubuhi, wa kwanza, ametoka na karatasi yake saa nne.

Saa nne! Mimi mvua hadi kiangazi, yeye saa nne.

Nilitembea hadi nyumbani nikiongea peke yangu, na watu waliniona. Niligombana na serikali nzima. Niliiuliza kama miguu yangu ilikuwa ya mchezo. Kama mambo yalikuwa yanawezekana kwenye dirisha moja, kwa nini walinizungusha mimi? Nani atanirudishia viatu vyangu? Mtu yeyote mwenye akili angefurahi kwamba binti yake hatazungushwa vile. Mimi nilitaka binti yangu azungushwe, na mjukuu wangu pia, ilimradi yule mwanamke azungushwe kwanza. Na zaidi ya yote, wamenipokonya kitu ambacho sikuwa tayari kukiri kwamba nilikishika: siku tatu nilikuwa mlango, na sasa wamepitisha watu dirishani.

Jioni alikuja ukutani, amepaka hina mikononi.

"Imetoka, mama mwalimu. Usijisumbue tena. Bakubwa habaulizake tena majirani."

"Ni neema," nilisema.

Alinitazama kidogo, akacheka kicheko chake, akaingia ndani. Juu ya nyusi yake ya kushoto kuna kovu dogo. Nililiona siku hiyo kama ninavyoliona siku zote, na kama siku zote nililiruka kwa macho.

Nililiweka mimi. Ilikuwa kabla sijawa mwalimu. Maji yalikuwa yamekatika siku nne, yakaja, tukagombania bomba, naye akaweka ndoo yake mahali pangu. Au mimi niliweka yangu mahali pake. Nilimpiga kwa kopo la chuma. Polisi walinichukua, nikakaa kasho, chumba cha mahabusu, tangu saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na mume wangu akaja kunitoa. Mahakamani haikufika. Lakini avenyu nzima ilijua, na wiki mbili baadaye ndipo nilipoanza kutafuta karatasi zangu za wema. Wakati ule tulikuwa hatusalimiani. Sikuwahi kuuliza shefu alipataje ushuhuda wa jirani yangu wa kushoto. Nilidhani alinihurumia akaruka ukurasa, au alimuuliza mtu wa ng'ambo ya barabara.

Jumamosi shefu alibisha. Safari hii nilifungua, maana sikuwa na kitu cha kuogopa tena. Alikuwa na daftari lake jeusi na wembe.

"Kazi yangu imeisha, mama mwalimu," alisema. "Minye sitaki kuacha maneno ya batu kwa panya. Kila muntu achukue ukurasa yake."

Hakuna aliyemtuma. Aliona tu kwamba ndivyo inavyofaa. Alikaa kwenye kiti changu, akafungua kurasa za nyuma kabisa, zilizogeuka rangi ya chai, akakata mmoja taratibu kando ya rula yangu, akanipa.

Maneno ya jirani wa kuume yalikuwa machache, mstari mmoja. Ya jirani wa kushoto yalijaza ukurasa. Niliyasoma nikiwa nimesimama.

"Minye nakaa na ule mama pembeni miaka sita. Iko na hasira ya mbio, lakini haiko muntu mubaya. Mambo ya ku bomba tulishamaliza sisi wawili, musiiweke mu dosie yake. Batoto ya avenyu banamupenda, anabafundishaka kusoma bure pa barza. Akikuwa mwalimu itakuwa muzuri kwetu sisi bote."

Chini palikuwa na jina lake kwa mwandiko wa mtu asiyekuwa bado na masomo ya jioni.

Hatukuwa tumemaliza chochote. Nilikuwa bado nikipita mbele ya lango lake nimegeuza shingo, na bandeji ilikuwa bado usoni mwake.

"Ulimuambia nini, papa shefu, mpaka akasema hivi?"

"Sikumuambia kitu. Alikuya yeye mwenyewe kwangu, asubui, mbele ya kumuita. Alisema ule mama atakuwa na haya ya kumuomba yeye."

Nikakumbuka kwamba ufunguo ulianza wiki ile. Sikuwa nimewahi kuhesabu. Asubuhi moja mkono ulivuka ukuta, mama, shika fungulo, na mimi nikashika kwa sababu ya mshangao.

Shefu alifunga daftari. Kwa kukata kurasa lilikuwa limebaki jembamba.

"Na ukurasa yake?" niliuliza. "Ya jirani?"

"Nilimupa leo asubui."

"Uliandika nini kwa upande wa kuume?"

Mzee alivua kofia yake ya sufu, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, akajikuna kichwa.

"Minye naandikaka tu yenye imetokea, mama mwalimu. Niliandika: Jumanne, siku ya mbili, iko nasahihisha. Siku ya tatu, hana nafasi. Siku ya ine, iko ndani, hajibu."

"Ulijuaje niko ndani?"

"Viatu byako bilikuwa pa mulango."

Alisema bila kunicheka. Akavaa kofia, akaaga, akaenda kugawa kurasa nyingine.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, nawafundisha watoto methali hiyo kila mwaka, na kila mwaka nawachorea ubaoni mtu ndani ya shimo. Mume wangu aliporudi kutoka Kambove aliniuliza naumwa nini. Nilimwambia meno.

Jumapili, baada ya misa, nilikaa mezani na karatasi ya mistari. Niliandika ushuhuda wa jirani wa kuume. Niliandika kwamba nimemfahamu mama huyu kwa muda mrefu, ni mpole, ni mkweli, haachi jambo alilolianza, wagonjwa watakaofika mapokezi watapata mtu anayejua kungoja nao. Niliandika kurasa mbili na hapakuwa na neno la uongo, na kila neno liliniuma kuliandika, kwa sababu hata wakati ule, nikiwa na haya hadi masikioni, bado nilimwonea kijicho. Sasa nilimwonea kijicho cha ule ukurasa wake. Mimi nimesoma, nimefundisha watoto wa watu kuandika insha, na sikuwahi kuandika kitu kizuri kama alichokiandikisha yeye akiwa na bandeji usoni.

Nilizunguka hadi langoni kwake, sikuita ukutani. Alikuwa anapiga pasi blauzi nyeupe ya kazi. Alinikaribisha kiti, akazima pasi, akapokea karatasi. Alisoma zote mbili polepole, midomo ikitembea.

"Umeandika muzuri sana, mama mwalimu," alisema. "Hata mama yangu hakunisifiaka hivi."

"Nilichelewa," nilisema. "Unisamehe. Ilikuwa roho mbaya, haikuwa kazi mingi."

"Najua."

Alizikunja karatasi mara mbili, kwa uangalifu, kama mtu anavyokunja kitenge cha mwenzake, akazirudisha mkononi mwangu.

"Lakini sasa habaombe tena," alisema, na akawasha pasi.

Hakuwa amekasirika. Alinipa chai na tangawizi, akaniuliza habari za mume wangu. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini aliyemwagiwa anaweza kukukaribisha chai, na hilo sikulijua.

Jumatatu ilikuwa siku yake ya kwanza ya kazi. Niliamka mapema, nikafagia uwanja wa upande wa ukuta, pamoja na mahali ambapo hapakuwa na uchafu. Alitoka na blauzi yake nyeupe, akafunga mlango, akaniona.

"Jambo, mama mwalimu."

"Jambo, mama. Kazi njema."

Niliegemeza fagio, nikafuta mkono kwa kitenge, nikauacha juu ya matofali.

"Aksanti sana," alisema, akapita. Alikwenda hadi ukuta wake wa upande mwingine, wa kushoto, ambako anakaa mama muuza mandazi, akaita, akanyoosha mkono.

"Mama, shika fungulo."

Muuza mandazi alinung'unika kwa sauti kwamba mikono yake ina unga, na kwani yeye ni mlinzi wa nani, na nilimwonea kijicho kuliko nilivyowahi kumwonea mtu yeyote.